Sauti ya chini: tumesikiliza Norah Jones



Juma hili hatuzungumzi juu ya rumba wala juu ya kwaya. Kwa siku tatu za posho, kisha kuhesabu feza za likelemba, tumekaa kwenye mashini zetu na kusikiliza albamu moja tu, mwanzo mpaka mwisho. Inaitwa Come Away with Me, na mwimbaji ni Norah Jones wa Marekani. Ilitoka mwezi wa pili wa 2002 katika kampuni ya Blue Note ya New York, ambayo imetoa jazi tangu 1939. Ina nyimbo 14 na inamalizika kwa dakika 45 hivi, muda unaotosha kupinda ukingo wa kitenge kimoja kwa mkono, kama mtu hapotezi dakika kwa habari za jirani.

Si kitu kipya, tunajua. Albamu hii imeuza zaidi ya nakala milioni 27 duniani, na wimbo wake wa kwanza, Don't Know Why, wengi wetu tulikuwa tumeusikia kwenye redio bila kujua ni wa nani. Lakini kusikia wimbo mmoja ukipita ni jambo moja, na kukaa na nyimbo zote 14 ni jambo lingine.

Katuba mnaijua. Muziki wetu unasikika toka avenue ya tatu, na kama harusi haikutikisa madirisha ya majirani, watu watasema chakula pia kilikuwa kidogo. Kwa hiyo siku ya kwanza wamama wawili walifikiri bafle imeharibika. Mmoja akasimama, akapandisha sauti mpaka mwisho, na yule dada akabaki vile vile, anaimba pole pole kama mtu aliyebeba mtoto mgongoni na hataki aamke. Kadiri tulivyopandisha, ndivyo tulivyosikia vitu vidogo: pumzi yake kabla ya neno, kidole kikiteleza kwenye uzi wa gitaa, ngoma ambazo hazipigwi kwa vijiti bali zinapanguswa kwa fagio ndogo za waya. Mwishowe tuliteremsha sauti tena. Ikawa bora. Mashini moja baada ya nyingine zikasimama, maana hakuna aliyetaka kelele za mashini yake zifunike wimbo.

Maneno yote ni ya Kiingereza. Mwenzetu anayefundisha lugha hiyo alikuwa tayari kutafsiri, lakini tulimwomba anyamaze siku ya kwanza ili tusikie sauti peke yake. Siku ya pili ndipo alitueleza kila wimbo kwa kifupi. Hatukushangaa sana. Tulikuwa tumekwisha kujua ni nyimbo za kungoja, za kukosa mtu, za kutamani kutoka mjini kidogo na kupumua.

Vyombo ni vichache: piano, ambayo anaipiga mwenyewe, besi kubwa ya kusimama, gitaa, na hizo ngoma. Mara moja moja inaingia ogani, fidla au akordeoni, inasalimia na kutoka. Wajuzi wanaiita jazi, na kweli piano yake ni ya jazi; aliisomea katika chuo kikuu cha North Texas. Lakini sisi tulisikia pia kitu cha kijijini ndani yake. Wimbo wa tatu, Cold Cold Heart, ni wa Hank Williams, mwimbaji wa watu wa mashambani wa kusini mwa Marekani, aliyeutoa 1951 na kufa miaka miwili baadaye akiwa na miaka 29 tu. Williams aliuimba kwa kulia puani, kama desturi ya kwao. Norah Jones ameupunguza mwendo, ameufanya uwe kama mazungumzo ya jikoni usiku, na bado unasikia mavumbi ya barabara ndani yake.

Mama mkubwa wetu kuliko wote, aliyezaliwa Likasi wakati inaitwa bado Jadotville, alisema gitaa ya wimbo wa pili inamkumbusha Jean Bosco Mwenda. Wengine walicheka, lakini yeye hakucheka. Aliuliza: Mwenda alipopiga Masanga, ule ambao Hugh Tracey aliurekodi huko huko Jadotville 1952, alikuwa na bafle ngapi? Alikuwa na gitaa moja, dole gumba na kidole cha shahada, na sauti ya mtu anayeongea na rafiki. Tulinyamaza. Katanga yetu ilikuwa na muziki wa chini kabla ya kuwa na muziki wa juu, na vijana wengi hawajui. Hatusemi kwamba hawa wawili walijuana. Mmoja alikufa 1990 wakati mwingine ni mtoto wa miaka 11 huko Texas. Tunasema tu kwamba sikio lililolelewa na Mwenda halitakuwa mgeni katika albamu hii.

Sasa tuje kwa mama yake, maana karatasi hii ni ya wamama.

Norah Jones alizaliwa New York 1979. Baba yake ni Ravi Shankar, mpigaji wa sitari wa India aliyejulikana dunia nzima. Lakini mtoto alilelewa na mama, Sue Jones, peke yake, huko Grapevine, mji mdogo wa Texas, na kwa miaka mingi ya utoto baba hakuwepo. Alipofika miaka 16 mtoto alibadilisha jina lake kwa sheria: akaacha lile la baba, ambalo lingemfungulia milango mingi, akabaki na Jones ya mama. Baadaye baba na mtoto walipatana, na hilo ni jema. Lakini muziki uliomo katika albamu hii, kwa sehemu kubwa, ulitoka katika sanduku la sahani za mama. Mama alikuwa na nyimbo za Billie Holiday, na mtoto alizisikiliza mpaka akazijua. Hakuna shule iliyompa hizo. Zilikuwa zinapigwa nyumbani, na yeye alikuwepo.

Kuna wenzetu saba katika chama wanaolea peke yao. Hatutaandika majina, kila mtu anajijua. Mmoja wao aliposikia habari hii ya Sue Jones aliuliza tu: alikuwa anafanya kazi gani? Tulijibu kwamba alikuwa mtayarishaji wa maonyesho ya muziki. Akasema, basi alikuwa anarudi usiku. Kisha akaendelea kushona. Tumefikiri juu ya neno hilo juma zima.

Jambo lililotufanya tuandike safu hii lakini si hilo. Ni sauti yenyewe, na ukubwa wake.

Binti wa mwenzetu mmoja ana miaka 16. Ameimba katika kwaya tangu hajaota meno ya utu uzima. Mwaka huu kiongozi wa kwaya alimwambia mbele ya wote kwamba sauti yake haifiki benchi la tatu, kwamba akae chini kwanza mpaka apate nguvu. Alikaa. Hajasimama tena. Nyumbani pia hasikiki akiimba, hata akipepeta unga. Mama yake alituambia jambo hili wakati wimbo wa tano unacheza, ule uliotoa jina la albamu, ambao Norah Jones aliuandika mwenyewe, na tukatazamana. Maana sauti iliyokuwa katika bafle wakati ule isingefika hata benchi la pili.

Tusimhukumu yule kiongozi kupita kiasi. Kanisa likiwa limejaa, mvua inapiga mabati na umeme umekatika, anahitaji watu wenye mapafu. Kazi hiyo ipo na ni ya heshima. Lakini si kazi pekee ya sauti ya mwanadamu. Kabla ya 1925 sahani zilirekodiwa kwa kuimba ndani ya pembe kubwa ya chuma, na mwenye sauti ndogo hakuwa na nafasi. Ilipokuja mikrofoni ya umeme, mambo yaligeuka. Mtu aliweza kuimba kama anamwambia mtu mmoja siri, na dunia ikasikia. Billie Holiday aliishi kwa hiyo. Sauti yake haikuwa kubwa hata kidogo. Huyu wa Texas alijifunza kwake, na anajua mikrofoni ni sikio la mtu, halipigiwi kelele.

Hata albamu hii karibu ipotee kwa ajili ya jambo hilo hilo. Kwanza alirekodi nyimbo chache za majaribio, yeye na marafiki wachache. Kisha akapelekwa katika studio nzuri ya milimani, kaskazini mwa New York, pamoja na mtayarishaji Craig Street na wapiga gitaa hodari sana. Walipiga vizuri. Lakini mkuu wa Blue Note, Bruce Lundvall, aliposikiliza aliona kwamba piano na sauti ya binti vimefunikwa na magitaa. Nyimbo nyingi za kule ziliwekwa kando (zimetolewa 2022, miaka 20 baadaye, na mwenye hamu anaweza kupima mwenyewe), wakaanza tena na mtu mwingine, Arif Mardin, mzaliwa wa Istanbul.

Huyu Mardin alikuwa na miaka karibu 70. Alikuwa amefanya kazi na Aretha Franklin! Wamama, Aretha: sauti ile inaweza kuinua paa la kanisa na kulirudisha mahali pake. Mtu aliyezoea sauti ya namna ile angeweza kumwambia msichana wa miaka 22, ongeza nguvu, mwanangu. Hakusema hivyo. Alirudi karibu na yale majaribio ya kwanza, na Don't Know Why tunayoisikia leo ni ile ile iliyopigwa mara ya kwanza katika majaribio, wakaongeza tu sauti chache za kuitikia. Jesse Harris, aliyeuandika wimbo, anapiga gitaa humo. Mzee alijua kwamba kazi yake ilikuwa kutoharibu. Ni kazi ngumu, na anayelea watoto anaielewa.

Tarehe 23 mwezi wa pili 2003, huko New York, alipokea tuzo 5 za Grammy usiku mmoja, akiwa na miaka 23. Tuzo ya albamu ya mwaka aliwapita Bruce Springsteen na Eminem, watu ambao hakuna anayelalamika kwamba hawasikiki.

Sasa nyimbo zenyewe. Uliotuingia zaidi ni Turn Me On, wa saba. Ni wa zamani, wa John D. Loudermilk, na Nina Simone aliwahi kuuimba. Mwanamke anamngoja mume arudi nyumbani, basi, hakuna kingine. Wenzetu ambao waume wako Kolwezi kwa miezi waliomba urudiwe mara mbili, na mmoja akasema kwamba huyu anajua kungoja bila kulalamika na bila kusahau. Ogani iliyomo inatembea nyuma kama mtu anayezunguka ndani ya nyumba akizima taa.

I've Got to See You Again, wa tisa, ni mweusi kuliko wengine wote. Kuna fidla ndani, na mwendo wa tango, na harufu ya jambo lisilofaa kuambiwa wakwe. Wamama wa umri wa kati waliupenda sana na hawakueleza sababu.

Seven Years, wa pili, unazungumza juu ya msichana mdogo anayecheza na kucheka katika dunia yake mwenyewe. Umeandikwa na mpiga besi, Lee Alexander. Ni mmoja wa nyimbo tatu zilizobaki kutoka kule milimani kwa Craig Street, na hapo magitaa hayamfuniki mtu.

Nightingale ameuandika mwenyewe, na ndani yake anamsemesha ndege. Unaanza kwa unyenyekevu na kuvimba kidogo kidogo, na karibu na mwisho bendi inapumua kuliko mahali pengine popote.

Hatupendi kila kitu. Katikati, toka wimbo wa sita, mwendo ni ule ule, na mama mmoja alilala kweli, akachoma kidole kwa sindano. Painter Song, pamoja na akordeoni yake, ni tamu kama chai ambayo watu wawili wameitia sukari bila kuambiana. Na yuko mwenzetu, mcheza Tshala Muana tangu ujana, ambaye mpaka leo anasema muziki usioinua kiuno si muziki, ni dawa ya usingizi. Tumeandika maoni yake kama alivyoyatoa. Tunamjibu tu kwamba nchi hii imekuwa na Abeti Masikini mwenye sauti ya simba na pia M'Pongo Love mwenye sauti nyembamba kama uzi, na M'Pongo Love, aliyefariki 1990 akiwa na miaka 33 tu, hakuna aliyemwambia akae chini. Hao wote wawili tuliwapenda kwa wakati mmoja.

Wimbo wa mwisho, The Nearness of You, ni wa Hoagy Carmichael, wa zamani sana. Humo wenziwe wote wametoka chumbani. Yamebaki piano na yeye. Anauimba bila haraka hata kidogo, na kati ya mstari na mstari kuna kimya ambacho mtu mwingine angeogopa na kukijaza. Siku ya posho iliyopita tulikuwa hapo hasa wakati yule binti alipofika kumchukua mama yake. Hakuingia. Alisimama mlangoni na kikapu cha sombe mpaka wimbo ukaisha. Kisha akauliza kama inawezekana kuurudisha.

Tuliurudisha.

Chama kina mikrofoni moja, ile tunayotumia kutangaza kwenye kilio. Tumezungumza juu ya kuitoa saa moja kila siku ya posho, kisha hesabu, kwa ajili ya mabinti wanaotaka kuimba kwa sauti waliyo nayo. Hatujakubaliana. Mama wa binti mwenyewe anaogopa kwamba mtoto anayezoea mikrofoni peke yake kesho ataitwa kuimba kwenye baa, na hofu hiyo si ya bure. Tunajua baa zilivyo na nani anayelipa. Wengine wanasema afadhali ajifunze kati yetu kuliko kujifunza huko. Mwenye akiba anauliza nani atanunua betri. Swali la betri litajibiwa kwanza, kama kawaida yetu. Swali lingine litaletwa mbele ya mkutano wa siku ya posho ijayo, na yule binti pia atakuwepo, kwa sababu mpaka sasa hakuna aliyemwuliza yeye anataka nini.

Flashi yenye albamu iko kwa mweka akiba. Anayetaka kunakili alete yake, na airudishe ile ya chama kabla ya siku ya nne. Ile ya rumba iliyochukuliwa mwezi uliopita bado tunaingoja.